Jaribio la Bunduki za Bei Poa

Baba yangu, Norbert Schatz, hakuwahi kuchaguliwa kuwa chochote katika kaunti yetu, hata mzee wa kanisa, lakini hakuna mtu huku aliyenunua bunduki bila kwanza kuuliza Norbert kasemaje. Nasema bunduki za watu wa kawaida, si zile za matajiri wa Minneapolis wanaokuja nazo kwenye masanduku ya mahameli. Bunduki ya mfugaji ni ya kuua kuchakuro, wale wanyama wa mashimo wanaotafuna malisho na kutoboa ardhi mpaka ndama anavunjika mguu huku unamtazama. Kuchakuro akisimama mdomoni mwa shimo lake ni mdogo kama chupa ya soda, tena yuko mbali. Unahitaji bunduki inayopiga pale ulipotazama, na unahitaji usiuze ng'ombe ili uipate.

Basi kila Juni Baba aliketi kwenye meza ya saruji ya klabu yetu ya shabaha, akaweka bunduki mpya za bei poa juu ya vifuko vya mchanga na kuzipiga moja baada ya nyingine, karatasi ikiwa yadi mia mbele yake. Jioni alibandika karatasi zenye matundu kwenye mlango wa duka la Haugen, na chini yake neno moja: "Nunua" au "Acha". Bunduki ikiandikiwa "Acha", Haugen alikuwa huru kuifanya mchi wa kutwangia.

Mimi ni Corrine, kifungua mimba wake. Gereji kwangu natengeneza bunduki za majirani, kazi niliyojifunza kwa kusimama nyuma ya Baba tangu sijafika kimo cha meza. Darrin ndiye mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu.

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka. Hata bunduki nzuri hutoa risasi moja inayotoroka wenzake na kutoboa pembeni. Kosa laweza kuwa la bunduki, au la mpigaji aliyevuta triga vibaya. Mpigaji anayejijua huhisi kosa lake papo hapo, akasema, "Yangu hiyo," na tundu lile halihesabiwi dhidi ya bunduki. Hakuna anayebisha, kwa sababu mtu amejishusha mwenyewe mbele ya wenzake. Baba alilitumia neno hilo kwa haki kwa watu wote wa kaunti isipokuwa watoto wake. Bunduki aliyoipendekeza Darrin ikitoa mtoro, Baba alisema, "Yangu hiyo." Niliyoipendekeza mimi ikitoa mtoro, alisema, "Bunduki." Mwaka juzi nilimletea moja nzuri kupita zote zilizowahi kulala kwenye vile vifuko. Risasi moja ikatoka nje kwa upana wa kidole. "Bunduki," akasema, akaandika "Acha", akaomba kahawa.

Ningeweza kuvumilia kama lingekuwa jambo la bunduki tu. Lakini Darrin alipolitumbukiza trekta la Baba mtaroni, Baba alisema ni yeye aliyechelewa kurekebisha breki. Darrin alipoanza kulewa mpaka akafukuzwa kazi kwenye ghala la nafaka, Baba alisema ni yeye aliyemlea vibaya. Mimi ndoa yangu ilipovunjika, Baba aliniambia nimezidi ukali.

Kipindi cha baridi mikono yake ilianza kutetemeka. Mwezi Machi, kwenye chakula cha samaki cha Kwaresima pale kanisani, alisimama na kitambaa cha mdomo bado kimening'inia kwenye kola.

"Juni hii ndiyo ya mwisho kwangu," alisema. "Corrine achague bunduki moja, Darrin achague moja. Bei isizidi dola mia nne. Mimi nitazipiga zote mbili. Atakayechagua vizuri, meza ni yake."

Watu walipiga makofi. Mimi nilishuka chini kwenye vyoo vya kanisa, nikafungulia maji ya bomba ili nisisikike nikilia, kwa sababu niliitaka ile meza kuliko nilivyowahi kutaka mwanamume yeyote. Nilitaka kaunti nzima iulize Corrine kasemaje. Na zaidi ya hapo nilitaka Baba ndiye aseme, kwa mdomo wake na watu wakisikia, kwamba mimi ndiye najua.

Haugen mwaka huo alileta bunduki za kiwanda kimoja tu, zenye mtutu wa aina moja na triga ya aina moja, zimetofautishwa na kitako basi, yaani ile plastiki unayoishika na kuiegemeza begani. Nyingine zilikuwa na kitako cheusi, nyingine zimechorwa majani na nyasi. Anayezijua bunduki za bei poa anajua kwamba zikitoka kiwandani pamoja, moja itakuwa dhahabu na nyingine mti wa kufukuzia kuku. Niliwasumbua pale dukani mpaka Haugen akaacha kunikaribisha kahawa. Nilipitisha karatasi chini ya kila mtutu kuona kama unagusa kitako, nikamulika midomo ya mitutu yote kwa tochi, nikazikoki zote nikiwa nimefumba macho. Mwishowe nikatoka na moja nyeusi.

Darrin aliingia kununua kamba, akatoka na bunduki yenye majani.

"Ya kwangu imependeza, dada," aliniambia pale nje. "Hiyo yako kama ya msibani."

"Umeangalia mtutu?"

"Uko mbele," akasema, akacheka mwenyewe.

Alikuwa hajagusa pombe tangu Novemba, na uso wake ulikuwa umeanza kurudi. Nilifurahi kumwona hivyo. Naomba niaminiwe.

Sheria za jaribio zilikuwa chache. Usikate kitu, usiongeze kitu, geuza skrubu tu, na atakayegusa bunduki ya mwenzake atoke klabuni moja kwa moja. Juu ya kila bunduki ilifungwa darubini ya klabu, mbili pacha. Niliipeleka yangu nyikani, nikairekebishia triga robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi ikawa inaachia kabla hujajua kama umeamua. Ilipiga vizuri mno. Na kadiri ilivyopiga vizuri ndivyo nilivyozidi kukosa raha, kwa sababu nilishajua siku ya siku itatoka risasi moja pembeni na Baba atasema nini.

Ijumaa mchana bunduki zote mbili zilikuwa zimefungiwa kabatini pale klabuni, na ufunguo nilikuwa nao mimi, maana mimi ndiye mfungua mlango na mpika kahawa wao tangu enzi. Nilikwenda kupanga viti. Nilizitoa nikaziangalia, nyeusi na ya majani, na ndipo wazo liliponijia, nikakaa chini.

Skrubu mbili tu ndizo zinazoshika mtutu kwenye kitako. Nilizifungua. Mtutu wangu, pamoja na triga yangu na darubini yake, nikauingiza kwenye kitako cha majani cha Darrin. Wa Darrin nikauvika cheusi changu. Nikakaza skrubu, nikapitisha karatasi chini ya mitutu, nikarudisha kabatini, nikapanga viti.

Nitaambiwa ilikuwa hila, na ilikuwa hila. Lakini nilikuwa nimefikiria hivi: bunduki yangu ipigwe mara moja katika maisha yake na baba anayetaka ishinde. Akishaisifu mbele ya watu wote, nitasimama, nitamwomba mzee Ardell, mtangaza matundu wetu, asome namba iliyochongwa juu ya chuma, na Haugen yupo hapo hapo, aseme ni nani aliyeinunua. Maneno yatakuwa yameshatoka. Wanifukuze klabuni wakipenda, lakini kaunti nzima itakuwa imemsikia Norbert Schatz akiisifu bunduki ya binti yake.

Jumamosi kulikuwa na upepo kidogo, si wa kusumbua. Watu walipanga magari yao nyuma ya uwanja na kuteremsha viti vya turubai. Wanawake wa kanisa walileta kuchen, keki zetu za Kijerumani zenye maziwa na rubabu, na watoto walifukuzwa na kufukuzwa tena wasisogelee mstari. Mzee Ardell Fiechtner, jirani yetu na rafiki wa Baba tangu shule, alikaa kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu ili atangaze kila tundu lilipoingia. Darrin alisimama nyuma ya Baba, shati limepigwa pasi, anatafuna kijiti.

"Tunaanza na ya Darrin," alisema Baba.

Aliilaza bunduki ya majani kwenye vifuko. Mikono yake ilitetemeka mpaka ilipoigusa, kisha ikatulia. Aliegemeza shavu, akavuta pumzi, akaachia. Halafu akafanya kitu ambacho wakati ule sikukipa uzito. Aliinua shavu, akaitazama triga, akaigusa kidogo kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu joto la chai.

"Katikati," alisema Ardell. Risasi ya pili ikatoka. "Ala! Norbert, imeingia pale pale." Ya tatu. "Imepanua tundu tu, wala hamna jipya."

Minong'ono ikaanza nyuma. Darrin alikitema kijiti. Nilikuwa nauma shavu kwa ndani nisicheke. Risasi ya nne ikaingia na wenzake. Ya tano ikatoka.

"Mmh," Ardell akasema. "Hiyo imetoroka. Juu, kulia kidogo."

"Yangu hiyo," akasema Baba.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Miaka yote nimelisikia neno lile likienda kwa mwingine, na sasa limeiangukia bunduki yangu, limeifunika. Nilitazama chini ili watu wasione uso wangu.

Alipiga karatasi zote, na kila karatasi ilikuwa afadhali ya iliyotangulia. Kisha akachukua nyeusi. Mtutu wa Darrin ulitapanya risasi huku na huku, na Ardell akawa anatangaza kwa sauti ya chini kwa kunionea huruma. Moja ilipotoka nje kabisa, nikasema kwa makusudi, "Baba, hiyo si yako?"

"Hapana," akajibu bila kugeuka. "Bunduki."

"Corrie, pole, mama," Ardell alininong'oneza. "Mwaka huu umenunua bomba la maji."

"Ngoja kidogo, Ardell," nikamwambia. "Usiondoke hapo."

Baba aliinuka kwa kushikilia meza. Alisimama mbele ya watu, akaishika karatasi ya mwisho juu. "Nimepiga bunduki kwenye meza hii tangu wengi wenu hamjazaliwa," alisema, "na sijawahi kupiga ya bei hii ikafanya hivi. Aliyeichagua ana jicho. Amechagua kwa akili." Watu wakapiga makofi, Haugen akapiga mluzi. Nilianza kutembea kuelekea mbele. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni.

Baba alinidaka mkono kabla sijafika. Hakunishika kwa nguvu. "Njoo unisaidie kutoa maji kwenye gari," alisema kwa sauti ya kawaida, nami, kwa mazoea ya kutii tu, nikamfuata hadi nyuma ya pikapu yake ambako hakuna aliyetuona.

"Usiseme," aliniambia.

"Nisiseme nini?"

"Corrie. Nilijua tangu risasi ya kwanza. Nani mwingine anaweza kuilainisha triga namna ile? Mimi ndiye niliyekufunza."

Yaani hapo kwanza nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani tumefika.

"Kwa hiyo ulijua ni yangu," nikasema. "Na ulisema 'yangu hiyo'. Uliisema kwa bunduki yangu."

"Niliisema kwa sababu Darrin alikuwa anatazama."

Aliitoa kofia, akajifuta kipara. Hakuona kuwa amenichinja. Aliendelea kuongea kama mtu anayepanga kazi za kesho shambani.

"Iache hivyo ilivyo," alisema. "Abaki na huo mtutu. Wewe utaishi bila meza, Corrie. Una gereji, una mikono yako, una nyumba yako umeilipia. Yeye ana nini? Ana miezi saba bila pombe, basi. Ukitoka pale ukasema ulichotaka kusema, jioni hii yuko baa ya Lemke, na unajua."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi nina nini, Baba? Umewahi kukaa ukajiuliza?"

"Wewe hujawahi kuniomba kitu," alisema, na alikuwa anashangaa kweli.

"Haya, naomba leo. Nenda pale useme bunduki ni ya Corrine. Meza mpe Darrin kama unataka. Sema tu bunduki ni yangu, nani aliichagua, nani aliitengeneza. Sentensi moja."

Aliangalia kule kwenye watu. Darrin alikuwa amezungukwa na wanaume, ameipakata ile bunduki ya majani, anaonyesha kitu kwa kidole, anacheka kwa meno yote. Baba alimtazama kwa muda. Mimi alikuwa hajawahi kunitazama hivyo, na nadhani alijua, kwa sababu aliporudisha macho hakuyaleta usoni kwangu.

"Hicho usiniombe," alisema. "Na ukisema mwenyewe, sheria unaijua. Umegusa bunduki ya mwenzako. Itabidi mimi ndiye nikutoe klabuni, na nitakutoa."

Alichukua galoni la maji akarudi kwa watu. Lilimlemea, akawa anatembea upande, na hakuniita nimsaidie.

Nilirudi. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema, namba iko pale kwenye chuma, Haugen anakula kuchen hatua chache tu kutoka kwangu. Sikusema. Watu wakija kuisikia hadithi hii wataniona mwema, na sitaki sifa nisiyostahili. Sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu niliwaona wote pale, nikajua nikifungua mdomo watasema maskini Darrin, na hakuna hata mmoja atakayesema maskini Corrine. Darrin alinikumbatia kwa mkono mmoja. Alinuka sabuni.

"Ulidhani sijui kuchagua," alisema. "Ona sasa."

"Hongera," nikamwambia. Nikaenda kuosha vikombe.

Kiangazi chote kaunti ilinunua kwa kauli ya Darrin. Haugen aliagiza nyingine na nyingine. Zilizotoka nzuri, watu walimsifu. Zilizotoka mbovu, wenyewe walijilaumu, kwamba hawana jicho la Darrin. Mimi nilimwambia Haugen kwamba mgongo unaniuma na nikaacha kwenda klabuni. Bunduki yangu nyeusi, yenye mtutu wa mdogo wangu tumboni, niliitundika ukutani gereji. Sikuwahi kuipiga.

Agosti, siku ya joto la kukausha koo, Baba alikuja. Nilimwona kwa dirisha la jikoni akiteremka kwenye pikapu na kitu kirefu kimefungwa blanketi. Nitasema ukweli: nilivua aproni, nikajitazama kwenye kioo cha oveni, nikashika nywele zangu. Nilidhani amekuja kuniomba radhi.

Aliiweka bunduki juu ya meza ya jikoni, akafunua blanketi. Ile ya majani.

"Jana ililia yenyewe," alisema. "Darrin aliikoki tu, hata kidole hakijafika kwenye triga, ikatoka. Risasi ilipita katikati ya miguu ya Ardell, ikatoboa ndoo aliyokalia. Kidogo tu tuzike mtu."

Nilivuta kiti nikakaa. "Nani aliigusa triga?"

"Darrin. Alitaka iwe laini zaidi. Si unajua, watu wanamtazama, kila mtu anamletea bunduki amrekebishie, naye..." Hakumaliza. "Hajui, Corrie. Anajaribu."

"Mnunulie nyingine."

"Wataniuliza kwa nini. Na nikiiacha kama ilivyo, Jumamosi ataipiga tena. Unamjua. Ataua mtu."

Alinijua pia mimi, hapo ndipo alipokuwa mjanja. Alijua siwezi kuirudisha bunduki ya namna ile nje ya mlango wangu huku watoto wa watu wanakimbia kwenye ule uwanja. Hakuleta ombi. Alileta kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukikataa, akakaa, akaweka kofia yake gotini.

Nilikwenda gereji kuchukua bisibisi, na nikiwa huko niliitazama nyeusi ukutani, nikaishusha nayo. Nikazilaza zote mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Nilifungua skrubu zile mbili za ya majani, nikautoa mtutu wangu, nikaushika mikononi. Ulikuwa mchafu. Hakuna aliyeusafisha tangu Juni. Baba alinitazama, akaitazama nyeusi, akaelewa kwamba nataka kuurudisha kwenye kitako changu.

"Corrie," alisema. "Usifanye hivyo."

"Ni wangu."

"Ni wako. Najua. Lakini usifanye hivyo."

Niliigeuza ile triga juu chini. Darrin alikuwa ameilegeza skrubu mpaka ilikuwa haishiki chochote, inaning'inia kwa bahati tu. Nilisafisha vumbi na nyasi zilizokuwa zimeingia humo. Nilianza kukaza, robo mzunguko, nakoki, nagonga ubavu kwa kiganja kuona kama itaachia yenyewe, nakaza tena. Nilifikiria kuikaza mpaka iwe nzito kama ya bunduki ya jeshi, ili asipige kitu nayo, ili watu waone. Nililifikiria jambo hilo kwa dhati na nilikuwa na haki nalo. Lakini mikono haikukubali. Ilikwenda yenyewe mpaka pale inapopajua, ikasimama. Nikachukua rangi yangu ya kucha nyekundu, nikadondosha tone moja juu ya kichwa cha skrubu ili isilegee tena.

Baba alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akaivuta triga mara moja, chuma kikalia tik. Akaikoki, akaivuta tena. Macho yake yalilowa.

"Hakuna mwingine anayeweza kazi hii," alisema. "Si katika kaunti hii tu. Mimi sikuwahi kuifikia hiyo, hata mikono yangu ilipokuwa mizima. Wewe ni bora kuliko mimi, Corrie."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo maisha yangu yote, na waliokuwepo kuyasikia ni mimi na friji.

"Yaseme Jumamosi," nikamwambia. "Pale mezani. Watu wakiwepo."

"Unajua siwezi."

"Basi usingeyasema kabisa, Baba. Ungekaa nayo."

Niliurudisha mtutu wangu kwenye kitako cha majani, nikakaza skrubu zote mbili, nikaifunga bunduki kwenye blanketi na kumsukumia. Nyeusi nikaiacha pale pale mezani. Alisimama, akavaa kofia, akafika mlangoni, kisha akageuka, na bado kulikuwa na kipande ndani yangu kilichotumaini.

"Usimwambie Darrin kwamba umeigusa," alisema. "Nitamwambia niliitengeneza mimi."

Nilimfungulia mlango. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, nikasimama pale mlangoni na kumtazama mpaka alipomaliza kushuka ngazi, kwa sababu ile ya mwisho imelegea na mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba bunduki.